Salamu za Kusimama

Sifa na shukrani ziwe kwako, Ee Mungu, uliyetuunga kiungo kwa kiungo kabla mama zetu hawajatuona, ukatupa magoti ya kukupigia na miguu ya kumwendea jirani. Umenilisha katika mji usio wangu mpaka ukawa wangu. Ninayotaka kuyasimulia ni madogo, na wewe unayajua tayari. Nisaidie niyaseme bila kulipunguza kosa langu.

Nilifika Kampala kutoka magharibi mwa Kenya muda mfupi baada ya vita, wakati kila nyumba ilikuwa inatafuta mlango. Milango mingi ilikuwa imeng'olewa, mingine imechomwa kuni, na fundi seremala hakukosa kazi. Mchana nilipiga randa katika karakana moja karibu na Nakivubo. Jumamosi na Jumapili nilipanda kilima cha Lubaga, penye kanisa kuu, kufundisha katekisimu, kazi niliyoianza nyumbani nikiwa kijana na ambayo sijaiacha mpaka leo.

Huko Lubaga ndiko nilikompata mke wangu. Siku ya kwanza nilipokwenda kwao alitoka jikoni, akafika mbele yangu, akapiga magoti kunisalimu kama wanavyofanya wanawake wa Buganda. Mimi nilidhani ameangusha kitu. Nikainama, nikaanza kumsaidia kukitafuta chini ya kiti. Alicheka mpaka akashindwa kuinuka. Kisa hicho alikisimulia kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila mgeni aliyekisikia alitakiwa kunitazama nikiona haya.

Nilipokuja nilikuwa na maoni yangu kuhusu desturi ile. Nilifundishwa kwamba goti ni la Mungu. Lakini mtu akikusalimu hivyo kila asubuhi kwa miaka, akiwa na unga mikononi, akiwa na homa, akiwa amekukasirikia jana yake na bado hajamaliza kukasirika, unaanza kusikia katika salamu ile mambo ambayo mdomo hausemi. Alipofariki, nyumba ilinyamaza. Nilikuwa naamka na kuketi kitandani nikisubiri, nisijue ninasubiri nini.

Aliyebaki nami ni mjukuu wetu. Baba yake, mwanangu, ni polisi, na alikuwa amehamishiwa kaskazini pamoja na mkewe. Binti akaachwa Lubaga kwa ajili ya shule. Alikuwa na miaka kumi na saba. Bibi yake ndiye aliyemfunza kusalimu, naye aliiga kila kitu: goti la kushoto kwanza, kichwa kimeinama kidogo upande, mikono imekutana. Kila asubuhi alipiga magoti mlangoni kwangu na kusema, "Umeamkaje, Jajja?" Jajja ndivyo Waganda wanavyowaita babu na bibi. Nilikuwa nikimjibu huku nikiangalia pembeni, asione macho yangu.

Alicheza netiboli katika timu ya shule, mchezaji wa katikati, yule anayekimbia uwanja karibu wote. Mwaka huo timu yao ilichaguliwa kwenda kucheza Kakamega mwezi wa Agosti. Kakamega ni karibu na kwetu. Dada yangu mkubwa anaishi huko, na hakuwahi kumwona mtoto huyu. Nilimpigia simu kumpa habari. Akaniuliza uwanja ni upi, akasema atafika hata kama ni kwa toroli. Siku nyingi nilikuwa nimetamani kitu kimoja cha Kampala kifike nyumbani kikaonekane, watu wajue kwamba miaka yangu huku haikupotea. Nilijua kitu hicho ni binti yule.

Mwezi wa Februari, katika mazoezi, alidaka mpira akiwa anaruka. Netiboli hairuhusu kutembea na mpira. Ukiudaka unasimama papo hapo. Alisimama kwa mguu mmoja, mwili ukaendelea mbele, goti la kushoto likabaki nyuma, akaanguka. Walimleta nyumbani goti limevimba kama papai.

Jirani alitaka tumpeleke kwa mkandaji, amvute na kumpaka samli ya moto. Mimi mwenyewe niliwahi kuvutwa hivyo bega nikiwa kijana, na bega hilo linanitabiria mvua mpaka leo. Nikampeleka hospitali. Wakapiga picha za ndani ya goti. Daktari, mtu mpole mwenye mvi kama zangu, alituonyesha mstari mwembamba katikati ya picha.

"Hii ni kano ya mbele," alisema. "Imechanika, lakini haijakatika yote. Nusu ya nyuzi bado zimeshika. Ingekuwa imekatika tungezungumza habari ya kisu. Kwa sasa tunaweza kuisaidia ijijenge."

Akatueleza matibabu yake. Angetoa damu ya binti mwenyewe mkononi, aizungushe katika mashine mpaka ijitenge, kisha achukue sehemu ya manjano yenye chembe zile zinazogandisha damu mtu anapojikata, aidunge ndani ya goti. Nikamuuliza kama hiyo itamponya.

"Mzee, sitakudanganya. Wengine inawasaidia, wengine hatuoni tofauti. Ni matibabu ambayo sisi wenyewe bado tunajifunza. Sindano inafungua njia. Anayetembea ni yeye, kwa mazoezi, miezi sita au zaidi. Agosti inawezekana, Mungu akipenda na mgonjwa akitii."

Nilipenda ukweli wake. Mwanangu alikubali kwa simu, na siku ya sindano nilikaa kando nikiitazama mashine ikizunguka. Nilisali makumi mawili ya rozari kabla haijasimama. Muuguzi aliyetoa mrija nje alikuwa ameshika kitu cha rangi ya asali, chini yake damu nyeusi imetulia. Nimefundisha watoto habari za damu maisha yangu yote, na sikuwahi kufikiri kwamba ndani yake kuna asali. Binti aliuma leso yake sindano ilipoingia. Njiani aliniambia, "Jajja, inauma kuliko lile anguko." Daktari alikuwa ameonya kwamba itauma, na asimeze vidonge vya kupunguza uvimbe, kwa sababu uvimbe wa siku zile za kwanza ulikuwa sehemu ya kazi. Tulivumilia wote wawili. Yeye maumivu, mimi kumtazama.

Kwa mazoezi alipelekwa kwa mama mmoja wa Bwaise, mtaa wa bondeni. Alikuwa ametoka jeshi la polisi, ambako aliwahi kuwa mwalimu wa viungo, kisha akasomea kazi hii ya kuwarudisha watu kwenye miguu yao. Mzaliwa wa West Nile, Mwislamu, sauti ya gwaride. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, hakina mapambo. Wagonjwa wote walimwita Afande. Chumba chake kilikuwa na mikeka minne, matofali kadhaa, na saa ya ukutani ambayo ilikuwa mbele kwa dakika kumi, kwa makusudi, ili watu wafike mapema.

Siku ya kwanza alinitazama mimi, si mgonjwa.

"Mzee katekista, sikia. Hapana kupiga magoti. Nyumbani, kanisani, mbele ya kabaka, hapana. Mpaka mimi nasema."

"Na mbele ya Mungu je?" nikamuuliza kwa mzaha.

"Mungu anajua huyu iko mgonjwa. Ni nyinyi wazee ndiyo hamjui."

Nikamwambia nimeelewa, kwamba mimi ni seremala, ukishapaka gundi unafunga ubao katika jiliwa na huugusi mpaka ikauke.

"Hapana," akasema. "Mbao yako inalala. Hii ikilala inakufa. Ikikimbia pia inakufa. Kila siku inafanya kazi kidogo, kesho inaongeza kidogo. Wewe sahau mambo ya gundi."

Sikuisahau. Hilo nalo ni sehemu ya kosa.

Tulianza na mambo ya kitoto: kuburuta kisigino juu ya kitambaa sakafuni, kuinua mguu ulionyooka, kuhesabu mpaka kumi. Kisha kusimama kwa mguu mmoja akiosha vyombo. Kisha kupanda tofali na kushuka. Afande alikuwa akigeuka kumpa mgongo, akisikiliza anavyotua. "Nasikia kishindo. Rudia. Paka anaruka hivyo? Mimi nataka sikia kimya." Nyumbani binti alinisalimu akiwa amesimama, mikono nyuma, macho chini, kama mtu aliyeshikwa na kosa. Nilimwambia si kitu. Nilimwambia vizuri, kwa sauti nzuri. Lakini asubuhi zile nilikuwa nikiamka na kumkosa mke wangu mara mbili.

Mwezi wa Juni tulifanya misa ya kumbukumbu yake. Goti lilikuwa na miezi minne. Uvimbe ulikwisha, alikuwa ameanza kukimbia polepole, na Afande alikuwa hajatoa ruhusa ya magoti. Baada ya misa shemeji yangu, dada mkubwa wa marehemu, alikaa mkekani sebuleni na wazee wengine wawili wa ukoo. Mimi nilikuwa kwenye kiti. Mjukuu wangu alitoka jikoni na sinia ya chai, amevaa gomesi, lile vazi refu la wanawake wa Buganda. Lilikuwa la bibi yake. Alisimama mlangoni, akasalimu.

Shemeji alinigeukia. "Mtoto wenu magoti yameota kutu? Au siku hizi mnawasalimu wazee kama askari wa zamu?"

Wale wengine wakacheka. Hakuwa mtu mbaya. Habari za goti alizisikia juujuu, na kwao ugonjwa usioonekana haumzuii msichana kuwa na adabu. Ilikuwa kazi yangu kujibu. Binti aliniangalia. Nilichotakiwa kusema ni maneno mawili tu: simama tu. Yalikuwa mdomoni. Nilikwisha kuyasema mbele ya majirani na mbele ya paroko pia.

Siku ile nilinyamaza. Nilijiambia miezi minne inatosha, gundi imekauka. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeliona gomesi lile mlangoni, na nilitaka kuona magoti yale mara moja tu.

Akapiga magoti. Goti la kushoto kwanza, kichwa kimeinama upande, sinia imetulia mikononi. Akawasalimu mmoja mmoja, nao wakaitikia kwa zile sauti ndefu za wazee wa Kiganda, na kwa kitambo kile nyumba yangu ilikuwa kama zamani. Sitadanganya, nilifurahi. Kisha akainuka. Pindo la gomesi lilikuwa chini ya unyayo wake. Mwili ulizunguka, mguu haukuzunguka. Hakupiga kelele. Aliweka sinia mezani, hakuna tone lililomwagika, akarudi jikoni akishika ukuta.

Nilimkuta ameketi juu ya jerikeni, goti amelikumbatia.

"Jajja, limetoa sauti," alisema.

Daktari alipiga picha tena. Kano haikukatika, lakini nyuzi zilizokuwa zinajijenga zilikuwa zimeumia, na goti lilijaa maji. Alisema tuanze upya kwa upole, na kwamba Agosti tuisahau. Binti alisikiliza akiangalia viatu vyake vya michezo, ambavyo alikuwa amevivaa kwenda hospitali kwa matumaini tu.

Afande hakupaza sauti. Hilo lilinitisha zaidi.

"Nani alikuwa kwa nyumba?"

"Mimi."

"Ulikuwa na mdomo?"

"Nilikuwa nao."

"Sawa. Basi wewe ndiyo utashika kisigino."

Kuna zoezi ambalo mgonjwa analala chali, na mtu anashika kisigino chake, anamzuia kidogo huku yeye anavuta mguu. Siku zote binti alisaidiwa na mwenzake wa shule. Tangu siku ile nikawa mimi, asubuhi na jioni, nyumbani. Huwezi kukishika kisigino cha mtu aliyelala sakafuni ukiwa umeketi kitini. Siku ya kwanza nilishuka polepole, nikishika meza, mpaka magoti yangu yakafika mkekani mbele ya mguu wake.

Aliinuka akaketi. "Jajja, usifanye hivyo. Usipige magoti mbele yangu. Watu wataona."

"Afande ameamuru."

"Nitamwambia amekosea."

"Nenda kamwambie. Mimi sithubutu."

Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu hospitali. Akalala tena. Nikakishika kisigino. Kilikuwa na ugumu wa mtu anayekimbia peku, na joto lake liliingia viganjani mwangu.

Zilipita siku kadhaa kabla sijaweza kusema. Nilisema nikiwa hapohapo chini, maana huko ndiko maneno yalikotoka. Nikamwambia, "Siku ile nilinyamaza kwa sababu nilimkosa bibi yako. Ningeweza kukuzuia. Nisamehe."

Alikuwa anahesabu. Alifika kumi, akapumzika.

"Nilijua," alisema. "Nilikuona uso, Jajja. Ndiyo maana nilipiga magoti."

Nikakishika kisigino tena. Tukarudia kumi nyingine.

Agosti timu ikaondoka bila yeye. Sasa nieleze jambo ninaloona aibu nalo zaidi: sikumpigia dada yangu. Kila siku nilisema kesho. Nilikuwa nimemwahidi kwamba atamwona mtoto, na mtoto alikuwa juu ya mkeka wangu. Simu ikaja kutoka kwake yeye, na kelele za watu nyuma yake.

"Nimekaa hapa uwanjani tangu asubuhi," alisema. "Hukuniambia anavaa namba gani. Basi nimemchagua mmoja mwembamba, mwenye mikono mirefu kama ya baba yetu. Nimemshangilia mpaka sauti imeisha. Ndiye?"

Nikamwambia yote.

"Kwa hiyo nimemshangilia mtoto wa watu."

"Ndiyo, dada."

"Haidhuru. Na yeye ana bibi mahali. Wako atakuja lini?"

Nikasema Mungu ndiye anajua. Akasema Mungu anajua, lakini mimi nimwambie mapema safari hii.

Ilichukua mpaka mwaka uliofuata. Sindano ya pili daktari hakuona haja nayo. Alisema sasa ni kazi ya mkeka na tofali. Katika mvua za Machi Bwaise ilijaa maji kama kawaida yake, na chumba cha Afande kikaingiliwa. Tulimkuta nje, suruali imekunjwa, mikeka imetundikwa juu ya ukuta. Kati yetu na yeye kulikuwa na mtaro unaopeleka maji, upana wake hatua moja ndefu, ubao wa kuvukia umechukuliwa na mafuriko. Mimi niligeuka nitafute njia nyingine.

"Hapana zunguka," Afande alisema kutoka ng'ambo. Alikuwa anamwambia binti. "Ruka."

Binti alitazama maji, kisha goti. Nilifungua mdomo, safari hii kwa kumzuia, na Afande akaninyoshea kidole. "Mzee, leo ndiyo unyamaze."

Alirudi hatua tatu, akakimbia, akaruka. Afande alikuwa amekwisha kugeuka, ametupa mgongo, anasikiliza. Binti alitua kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa kidogo, matope yakatawanyika. Hakukuwa na kishindo.

"Sijasikia kitu," Afande alisema. "Amefika?"

"Amefika," nikajibu nikiwa peke yangu upande huu wa mtaro, na ikabidi nizunguke kupitia sokoni, safari ya nusu saa, ili niwafikie.

Alicheza tena. Si kama zamani. Alikuwa na uangalifu ambao hakuwa nao, na shule ilikuwa imeisha, ile timu imetawanyika. Lakini alicheza, na mara ya kwanza nilipomwona akidaka mpira na kusimama, nilikuwa nimefumba macho nikisikiliza. Akasomea ualimu wa michezo. Leo anafundisha wasichana kuruka na kutua katika shule moja si mbali na Kakamega, na Jumapili anakula kwa dada yangu, ambaye sasa ni mzee sana na bado anamuuliza kama ana hakika si yule mwembamba wa siku ile.

Basi Kampala ilipata kitu cha kupeleka kwetu, nacho kikabaki huko. Niliomba hivyo, na nikajaliwa. Sikufikiri kwamba ndivyo nyumba itakavyonyamaza mara ya pili. Mkeka nimeuacha palepale. Asubuhi nashuka juu yake kusali, na magoti yangu, ambayo yalizoea kazi mwaka ule, bado yananikubalia. Wakati mwingine, nikimaliza, viganja vyangu vinakaa wazi kidogo zaidi ya inavyohitajika, kana kwamba kuna kisigino.

Binti hunipigia simu kabla ya masomo kuanza. Nasikia watoto, nasikia mpira.

"Umeamkaje, Jajja?"

"Nimeamka salama. Wewe uko vipi hapo? Umesimama?"

"Nimesimama, Jajja."

"Vyema. Simama tu."

Nawe uliyenisoma mpaka hapa, Mungu akuvushe mtaro wako na akutue taratibu. Kama kuna anayekusalimu kwa namna moja au nyingine, amkapo na alalapo, Bwana akuwekee salamu hiyo siku nyingi. Na kama amekuwa mbali, akulindie njia ya kati yenu isimezwe na maji. Amina.